Nani anamla nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chakula cha viumbe, kuanzia mwambani hadi mitaani Mombasa

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, walimu na wazazi tunaotembea nao ufukweni Nyali na Bamburi siku za bamvua, maji yanapokupwa na mwamba kubaki wazi. Mengine tumeulizwa darasani, mengine mbele ya meza ya muuza samaki. Tumeyajibu kwa mifano ya hapa kwetu. Mtoto wa Likoni au Kisauni hufundishwa simba na pundamilia mwaka mzima, na bahari iliyo karibu na nyumba yao haitajwi hata mara moja. Tunaona hilo si haki kwake.

Mnyororo wa chakula ni nini?

Ni mpangilio unaoonyesha nani analiwa na nani, na nguvu ya kuishi inapita wapi. Chukua mfano wa chini ya maji ya Nyali. Nyasi bahari huota mchangani, samaki aitwaye tafi huzila nyasi hizo, samaki mwindaji aitwaye mzia humla tafi, na papa humla mzia. Kwenye daftari huandikwa hivi:

nyasi bahari → tafi → mzia → papa

Nyasi bahari hujitengenezea chakula, ndiyo maana huitwa mzalishaji. Tafi ni mlaji wa kwanza, mzia ni mlaji wa pili, papa ni mlaji wa tatu.

Angalieni mshale, kwa maana hapa ndipo wanafunzi hupoteza alama kwenye mtihani. Mshale husomwa "analiwa na". Unaelekea kule chakula kinakokwenda, yaani tumboni mwa anayekula. Mtoto anayechora mshale kutoka kwa papa kwenda kwa mzia amesema kwamba mzia anamla papa.

Na utando wa chakula je?

Baharini hakuna samaki anayekula kitu kimoja maisha yake yote. Changu hula kaa, konokono, minyoo na samaki wadogo, naye huwindwa na tewa, na mzia, na papa, na mvuvi wa Kidongo. Ukichora mistari yote hiyo kwa pamoja unapata utando. Mnyororo ni uzi mmoja uliochomolewa humo ili mwanafunzi aweze kuufuata bila kupotea.

Wazalishaji ni mimea tu?

Mimea ndiyo tunayoiona: mikoko, minazi, majani ya shambani. Hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni dioksaidi kutengeneza sukari, kazi inayoitwa usanisinuru. Lakini baharini mzigo mkubwa hubebwa na viumbe wadogo mno wanaoelea karibu na uso wa maji, ambao huwezi kuwaona bila hadubini. Karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanyika baharini, na sehemu kubwa ni kazi yao. Ukikwea kivuko cha Likoni ukayatazama maji, unatazama shamba.

Matumbawe ni jiwe, mmea au mnyama?

Ni mnyama. Au tuseme ni kundi la wanyama wadogo sana, kila mmoja na mdomo wake na mikono laini ya kunasia windo, wanaoishi pamoja juu ya nyumba ya chokaa waliyoijenga wenyewe. Usiku hunyoosha mikono hiyo na kukamata vijidudu vinavyopita na maji.

Ndani ya miili yao, hata hivyo, wamepangisha vijimwani. Vijimwani hivyo hufanya usanisinuru mchana na kumlipa mwenye nyumba kwa sukari. Chakula kingi cha matumbawe hutoka kwa wapangaji hao, na rangi yao pia. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika, vijimwani hutolewa nje, na matumbawe hubaki meupe. Yakikaa hivyo muda mrefu hufa kwa njaa. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño kubwa, miamba ya Kenya ilipoteza matumbawe mengi kwa njia hiyo, na wavuvi wengi wa umri wa kati wanaukumbuka weupe ule.

Kwa hiyo matumbawe ni mlaji anayefuga mzalishaji mwilini mwake. Mwalimu akikataa jibu hilo kwa kuwa halimo kwenye kitabu, mwambieni kwa adabu atazame tena.

Mvuvi akinasa kikande, kwa nini mnamsihi amrudishe majini?

Swali hili huulizwa na wavuvi wenyewe, na wana haki ya kupewa jibu kamili.

Kikande, samaki wa mwambani, hula fuma. Fuma ni yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, ambaye kila aliyewahi kukanyaga mwambani bila viatu anamjua kwa maumivu. Mchana hujibanza mashimoni, usiku hutoka kukwangua mwani juu ya mawe. Mdomo wake uko upande wa chini na una meno matano magumu. Anapokwangua mwani, hukwangua na jiwe pia. Fuma wachache wana faida, maana huzuia mwani usiyafunike matumbawe. Wakizidi, huula mwamba haraka kuliko matumbawe yanavyoweza kuujenga, na humaliza mwani ambao pono na tafi wangeula. Huko Diani wamewahi kumaliza hata nyasi bahari na kuacha mchanga mtupu.

Samaki wengi humkwepa fuma kwa sababu ya miiba. Kikande hamkwepi. Macho yake yamekaa juu na nyuma, mbali na mdomo, kwa hiyo anaweza kuingiza uso katikati ya miiba bila kuumia macho. Humng'ata fuma mwiba mmoja akamvuta, au humpulizia maji kwa nguvu, mpaka apinduke. Akishapinduka, upande wa chini wenye miiba mifupi uko wazi, na meno ya kikande hufanya yaliyobaki. Ukiogelea taratibu kwa miwani ya maji pembeni mwa mwamba unaweza kuliona tukio hilo lote, na utamkuta amezungukwa na samaki wadogo wanaosubiri makombo.

Ushahidi upo. Watafiti wa miamba yetu, akiwemo Tim McClanahan ambaye amefanya kazi kwenye pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980, waliwafunga fuma hai kwa uzi, wakawaacha mwambani, na siku iliyofuata wakarudi kuhesabu waliobaki. Ndani ya hifadhi, ambako hakuvuliwi, fuma wengi walikuwa wameshaliwa. Kwenye miamba iliyovuliwa sana, wengi walikutwa wazima. Aliyekuwa akiwala hakuwapo tena.

Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, na uvuvi ndani yake ukakoma kwa kweli mwanzoni mwa miaka ya 1990. Samaki wa aina nyingi walirudi ndani ya miaka michache. Kikande alichelewa sana, na fuma walipungua polepole kadiri walaji wao walivyoongezeka. Ndiyo sababu tunasema ni rahisi kumwondoa kikande na ni kazi ya miaka mingi kumrudisha.

Sasa, kikande si samaki wa bei. Hana woga na chambo, kwa hiyo huingia kwenye malema na kushika ndoano kabla ya wenzake. Mvuvi humpeleka nyumbani kwa kuwa ameshanaswa, na njaa ya nyumbani haisubiri. Hilo tunalielewa. Tunachoomba ni kwamba akiwa hai mrudishe, kwa sababu akibaki mwambani anawalinda changu na pono mtakaowavua mwakani.

Kama papa ana nguvu kuliko wote, mbona ni wachache kuliko dagaa?

Kwa sababu chakula hakipandi chote hadi juu. Tafi akila nyasi bahari, sehemu kubwa ya nguvu iliyomo huishia kwenye kuogelea, kupumua na kinyesi. Kinachogeuka kuwa mwili wa tafi ni kidogo. Mzia akimla tafi, hasara hiyo hutokea tena. Mwaka 1942 Mmarekani Raymond Lindeman alieleza jinsi nguvu inavyopungua ngazi kwa ngazi, na kutokana na kazi hiyo wanafunzi hufundishwa kanuni ya asilimia 10: takriban sehemu moja ya kumi tu ndiyo hupanda ngazi inayofuata. Ni kadirio, kuna mahali huwa chini ya hapo na kuna mahali huzidi.

Fanya hesabu. Kilo 1,000 za nyasi bahari huzaa kama kilo 100 za tafi. Hizo huzaa kama kilo 10 za mzia. Hizo huzaa kama kilo moja ya papa. Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini papa huisha upesi wakivuliwa wengi: ngazi yake ina nafasi chache tangu mwanzo, na papa huzaa watoto wachache baada ya miaka mingi ya kukua.

Je, mnyama mkubwa lazima ale wanyama wakubwa?

La. Papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hufungua kinywa na kuchuja vijidudu na mayai ya samaki. Nyangumi wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Septemba hula uduvi wadogo huko bahari ya kusini karibu na Antaktika, kisha huja huku kwenye maji ya joto kuzaa wakiwa wanaishi kwa mafuta waliyoyahifadhi mwilini. Ukimwona nyangumi anaruka nje ya Shanzu, yamkini hajala kwa wiki nyingi.

Nani anayakula majani ya mkoko yanapoanguka?

Jani la mkoko ni gumu na chungu. Samaki hawaligusi likiwa bichi. Lakini nenda Tudor, Mikindani au Jomvu maji yakiwa yamekupwa, usimame kimya, utaona jani linatembea lenyewe. Chini yake kuna kaa analiburuta kwenda shimoni. Hula kipande, kingine hukiacha kioze, na kinyesi chake kimejaa vipande vidogo ambavyo bakteria huvifunika upesi. Vipande hivyo vyenye bakteria ndivyo huliwa na minyoo, konokono, watoto wa kamba na mkizi. Hao nao huliwa na samaki wakubwa zaidi, na na yangeyange wanaotembea topeni kwa miguu mirefu.

Pembeni utaona kaa wengine wadogo, dume akiwa na gando moja kubwa lenye rangi. Gando hilo hulitumia kuita majike na kupigana na madume wenzake, kula hakuliwezi. Hula kwa mkono mdogo: huchota tope, hulipeleka mdomoni, hunyonya vijimwani na bakteria waliomo, na kutema tope lililobaki likiwa donge dogo. Jike ana mikono miwili midogo ya kulia, kwa hiyo hushiba haraka kuliko dume. Watoto wetu hupenda kuhesabu mara ngapi dume anapeleka mkono mdomoni kwa dakika moja na kumlinganisha na jike.

Mnyororo wa namna hii huanza na kitu kilichokufa. Vitabu vingi huutaja kwa sentensi moja na kuendelea, na sisi tunaona hiyo ni kasoro, kwa maana kwenye mikoko ndiyo njia kuu ya chakula. Anayekata mkoko kwa ajili ya boriti na kuni amekata pia chakula cha kamba wa mwakani.

Mwanangu anasema waozeshaji ni "wadudu wa takataka" tu. Nimwambie nini?

Mpeleke Bamburi.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe ya kale. Baada ya miaka kadhaa kuliachwa mashimo mapana, ardhi nyeupe isiyo na udongo, maji ya chumvi karibu na juu, na jua kali bila kivuli. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo mwenye asili ya Uswisi, alianza kujaribu kupanda miti humo. Miti mingi ilikufa. Mvinje ulishika, kwa kuwa unastahimili chumvi na mizizi yake huishi na bakteria wanaouchukulia naitrojeni kutoka hewani.

Likazuka tatizo jingine. Majani membamba ya mvinje yalianguka yakalala chini, makavu, mwaka baada ya mwaka, bila kuoza. Yana kemikali chungu ambayo bakteria wengi hawaiwezi. Mti ulikuwepo, udongo haukuwepo. Aliyeleta suluhisho ni jongoo, yule jongoo mkubwa mwenye miguu myekundu mnayemfagia nje ya nyumba masika. Ilionekana kwamba anayala majani yale. Jongoo wakakusanywa kwa wingi wakaachiliwa chini ya mivinje. Waliyatafuna majani, kinyesi chao kikashikwa na bakteria na kuvu, na polepole ukatokea udongo mweusi juu ya jiwe. Miti mingine ikaota, wadudu wakaja, ndege wakafuata wadudu, na leo shule zinapanga foleni kuingia Haller Park kuona twiga na viboko katika mahali palipokuwa shimo la mawe.

Kwa usahihi wa mtihani: jongoo ni mla mabaki. Yeye hukata na kusaga. Waozeshaji wenyewe ni bakteria na kuvu, wanaovunja mabaki hadi madini ambayo mzizi unaweza kuyanyonya. Kila mmoja anamhitaji mwenzake. Bila wao wote wawili, kila jani na kila mzoga tangu enzi na enzi ungekuwa bado umelala palepale, na mimea isingekuwa na madini ya kuanzia mnyororo mpya.

Mla mizoga ni mwozeshaji?

Hapana. Mwewe, fisi, kaa wa ufukweni na funza hula mzoga kwa mdomo kama walaji wengine. Mwozeshaji humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, huyeyusha kitu kilichokufa, kisha hunyonya.

Kurabu wana kazi gani Mombasa?

Kurabu, kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, si wa asili ya hapa. Asili yake ni Bara Hindi. Alifikishwa Zanzibar miaka ya 1890, akaenea pwani, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Ni mla vyote aliyekomaa: chapati, matumbo ya samaki, panya aliyekufa, embe, yai, kifaranga.

Kuna wanaomtetea kwamba anasafisha mji. Ni kweli anakula taka, lakini taka hizo ndizo zinazomzidisha. Kila jaa lililo wazi, kuanzia kona za mitaa hadi Mwakirunge, ni kituo chake cha chakula. Akishashiba na kuzaliana humo, huingia kwenye viota vya ndege wadogo wa kienyeji na kula mayai na makinda yao. Mfugaji wa kuku wa Changamwe hahitaji kuambiwa. Na hapa mjini hakuna mwindaji anayempunguza kwa kiasi cha kutosha.

Mlaji aliyeletwa kutoka mbali hukuta chakula tele na adui hana. Kuhusu kumpunguza, kuna mengi yanasemwa, ikiwemo sumu na mitego. Sisi tunaanzia kwenye pipa lenye kifuniko, kwa sababu bila hilo kurabu watakaouawa leo watazaliwa tena msimu ujao.

Paka, mbuzi na tumbili wa mtaani: nani ni mla nini?

Paka ni mla nyama kamili. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho hupatikana kwenye nyama na samaki. Akikikosa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Paka wa Mji wa Kale wanaolala chini ya meza za samaki wakisubiri vichwa na matumbo wanajua wanachokifanya. Ukimpa paka wako ugali na dagaa, anayemlisha ni dagaa.

Mbuzi ni mla majani, na hilo halibadiliki hata ukimwona Majengo anatafuna katoni. Karatasi hutokana na miti. Tumbo lake lina vyumba vinne, na kwenye kile kikubwa wamo bakteria wanaovunja nyuzi za mimea ambazo tumbo letu haliziwezi. Tatizo ni plastiki, ambayo bakteria hao hawaiwezi pia: hubaki tumboni ikijikusanya mpaka mnyama anakonda huku amejaa.

Tumbili wa Nyali na Bamburi ni mla vyote: matunda, maua, machipukizi, wadudu, mayai. Tafadhali msiwape mkate dirishani. Tumbili akishazoea mkono wa mtu hupoteza woga, na mwisho wake huwa ni kuumwa mtoto na tumbili kuuawa.

Mbu ana faida yoyote?

Anayeuma ni jike peke yake, akitafuta damu ya kukuzia mayai. Chakula cha kila siku cha dume na jike ni utomvu mtamu wa maua na mimea. Viluwiluwi huliwa na samaki na watoto wa kereng'ende. Mbu wazima huliwa na popo, buibui na mjusi kafiri aliyeko ukutani kwako. Walaji hao wa mbu hula wadudu wengine wengi, kwa hiyo usiogope kufukia madimbwi ya uani: hakuna mjusi atakayekufa njaa.

Kasa hula nini, na mifuko ya plastiki inahusiana vipi naye?

Inategemea ni kasa gani. Kasa wa kijani akikomaa hula nyasi bahari, chakula kilekile cha nguva, ambaye sasa ni adimu sana kwenye maji ya Kenya. Ng'amba hula sifongo za mwambani. Wengine hula yavuyavu, na mfuko mwepesi unaoelea majini hufanana na yavuyavu hasa. Akiumeza huziba utumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na tofauti ufukweni inaonekana, ingawa chupa na vifuniko bado vinaletwa na kila maji yanayojaa.

Binadamu yuko ngazi gani?

Anabadilika kwa kila sahani. Ukila wali na mchicha wa nazi, wewe ni mlaji wa kwanza. Ukila mbuzi wa kuchoma ni mlaji wa pili. Ukila nguru, aliyekula samaki waliokula samaki wengine, umepanda hata juu ya papa wa mfano wetu wa mwanzo.

Jambo moja wajawazito na wanaonyonyesha wanapaswa kulijua. Zebaki iliyomo majini huingia kwa viumbe wadogo kwa kiasi kidogo mno, lakini mwili hauitoi kwa urahisi. Kila anayekula hurithi ya wote aliowala, hivyo hujikusanya zaidi kadiri unavyopanda mnyororo. Papa, aliyeishi miaka mingi juu kabisa, hubeba nyingi. Zebaki huathiri ubongo wa mtoto anayekua tumboni, ndiyo maana wataalamu wa afya hushauri wajawazito waepuke papa na samaki wengine wakubwa wawindaji. Kupika au kukausha hakuiondoi, kwa hiyo papa ng'onda naye yumo. Dagaa, una na tafi ni chaguo jema, na bei yao pia ni nafuu.

Minyororo yote huanza na jua?

Karibu yote. Mwaka 1977 wachunguzi walioshuka chini sana baharini karibu na visiwa vya Galápagos walikuta minyoo, chaza na kaa wakiishi kwa wingi kwenye chemchemi za maji moto, gizani kabisa. Wazalishaji wa huko ni bakteria wanaotumia kemikali zinazotoka ardhini badala ya mwanga.

Tunataka kuleta darasa ufukweni. Wafanye zoezi gani?

Chagueni siku ya bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na mtazame jedwali la maji mapema. Fikeni saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, na anzeni kurudi mara tu yanapogeuka, kwa sababu hujaa nyuma yenu kabla hamjatambua. Viatu vyenye soli ngumu ni lazima, kwa ajili ya fuma na samaki taa.

Kila kundi la wanafunzi wanne lichague kidimbwi kimoja na likikalie kwa nusu saa bila kuhama. Waandike kila kiumbe wanachokiona na, muhimu zaidi, anachokifanya: anakwangua, anachuja, anawinda, anajificha. Jina likiwashinda wachore. Baadaye wachore mishale, lakini kwa yale waliyoyaona kwa macho yao tu. Ya kitabuni waongeze kwa kalamu ya rangi nyingine. Tumeona madarasa yakirudi na mishale miwili iliyoonekana kweli na kumi ya kukisia, na hapo ndipo mjadala mzuri huanza.

Msiokote kome wala simbi, hata walio tupu, maana kaa duvi huhamia humo. Mkigeuza jiwe, lirudisheni kwa upande lilivyokuwa. Viumbe wa upande wa chini hufa kwa jua ndani ya muda mfupi. Na bebeni maji ya kunywa, ya kutosha darasa zima, kwa sababu mwambani hakuna kivuli.